Kiko cha Maji: Majina ya Viungo Vyake na Namna ya Kukiosha na Kukianika

0. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuosha, kuanika na kuhifadhi kiko cha maji, yaani kile chombo cha kuvutia tumbaku ambamo moshi hupitishwa majini kabla ya kumfikia mvutaji. Huenda msomaji wa jarida letu akashangaa kuona mambo ya jikoni yakiletwa mahali alipozoea kusoma habari za ngeli, vitenzi na methali. Tunamwomba avumilie kidogo. Jambo lenyewe lilitufika sisi wenyewe, tena kwa kosa letu, na katika kosa hilo lugha ilikuwa na sehemu yake.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja mzee, mzaliwa wa Kasongo katika Maniema, alituazima kiko cha marehemu baba mkwe wake ili kitumike katika somo la msamiati wa vyombo vya nyumbani. Kilikuwa kiko cha namna ya zamani: kibuyu cha shingo ndefu kwa ajili ya maji, bori ya udongo uliochomwa, mianzi miwili, nta ya nyuki katika maungio, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa pale mwanzi unapoingia kibuyuni. Sharti la mama lilikuwa moja tu: kirudi kama kilivyotoka.

Somo lilikwenda vizuri. Wanafunzi, ambao walikuwa wamesoma majina ya viungo hivyo katika kamusi bila kuona chochote, walikishika kwa mikono yao, wakatia maji, wakavuta hewa tupu na kusikiliza malio yake. Baadaye wakakiosha kwa sabuni na kukipangusa kwa kitambaa. Mimi nikakitia ndani ya mfuko wa plastiki kisishikwe na vumbi, nikaufunga mfuko, nikafunga na kabati. Ilikuwa mwezi wa Desemba, na mvua zilikuwa zikinyesha karibu kila siku.

Tulipofungua kabati katikati ya Januari, harufu ilitutangulia. Kibuyu kilikuwa kimeota ukungu mweupe shingoni, waya wa shaba ulikuwa umeshika kutu ya kijani, na mianzi yote miwili ilikuwa imevimba. Hapo nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza: kwa haraka ya kusahihisha mambo, nikaitoa mianzi na kuiweka juani, juu ya ukuta wa saruji. Siku ya pili ule wa kuvutia ukapasuka kwa urefu wake wote.

Nilikwenda kumwona mama huyo nikiwa nimekifunga kiko katika kitambaa, kama mtu apelekaye habari ya msiba. Alikitazama kwa muda mrefu, akakinusa, kisha akasema: "Mwalimu, mulikiosha, lakini hamukukianika." Hakuongeza neno la lawama. Alinieleza kwamba mzee hakupata kukifunga chombo hicho hata siku moja. Kila alipomaliza kuvuta alimwaga maji, akasuuza, akakung'uta, kisha akaviangika viungo darini mwa jiko, bori mbali na mianzi mbali, mahali joto la moto lilipofika bila miali yake. Asubuhi ndipo alipovianua.

Niliporudi nyumbani nilifungua daftari langu la siku ile mama alipotuletea kiko. Nilikuta majina tisa ya viungo na vifaa, yameandikwa vizuri pamoja na ngeli zake, na hakuna kitenzi hata kimoja. Nilimwuliza mara tisa "Hiki kinaitwaje?" Sikumwuliza hata mara moja "Hiki hufanywaje?" Kusuuza, kukung'uta, kuangika, kuanika, kuanua: vitenzi vyote hivyo mama alikuwa navyo, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake katika kukilinda chombo.

1. Jina la chombo na viungo vyake

Kabla ya kuosha kitu inapasa kukifungua, na kabla ya kukifungua ni vema kujua kimeungwa kwa vipande gani. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja, alikwisha kuandika majina ya sehemu za kiko. Bori ni kile kikombe cha juu kinachotiwa tumbaku na kaa la moto. Digali ni mwanzi unaotoka katika bori na kushuka mpaka majini. Kiko, kwa maana yake halisi, ni chombo chenyewe cha maji. Shilamu ni mwanzi wa pili, utokao katika chombo cha maji kwenda kinywani. Malio ya kiko ni ule mlio wa maji yanapobubujika mtu anapovuta. Mama wetu wa Kasongo alitaja kiko na bori bila kusita. Ile mianzi miwili aliiita tu mwanzi wa chini na mwanzi wa kinywa, majina ambayo yanaeleweka bila kamusi.

Jambo la kuvutia ni kwamba kiko, jina la chombo cha maji, limetanda na kukifunika kitu kizima, na kwamba jambo hilo halikutokea katika Kiswahili peke yake. Neno nargile, litumikalo katika nchi za Shamu na Uturuki, latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nazi, kwa kuwa vyombo vya kwanza vilikuwa vifuu vya nazi. Shisha ni neno la Kiajemi pia, na maana yake ni kioo. Lilipata kazi hii pale chupa ya kioo ilipochukua mahali pa kifuu. Huka ya Wahindi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kijaluba au kikopo. Kote huko watu waliliangalia tumbo la maji wakaliita kitu chote kwa jina lake. Ni Waajemi tu waliokwenda njia nyingine: kwao chombo huitwa galyani, neno ambalo wataalamu wengi hulihusisha na kitenzi cha Kiarabu cha kuchemka, na hapo tunakaribia sana malio ya Kiswahili.

Tumesema haya kwa sababu jina linaweza kumpoteza mwenye kuosha. Mtu akisema "nimeosha kiko" mara nyingi ameosha lile tumbo tu, maana ndilo linaloonekana na ndilo lenye jina. Uharibifu huanza kwingine: ndani ya digali, ndani ya shilamu na katika maungio, mahali jicho lisipofika.

Huku kwetu Kongo viko vya maji vilikuja kwa njia zaidi ya moja. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, ilileta desturi za pwani pamoja na lugha. Lakini isidhaniwe kwamba kila kiko cha maji ni cha Waswahili. Wachokwe, ambao wako pia katika jimbo letu la Lualaba upande wa Dilolo, wana kiko chao cha kibuyu kiitwacho mutopa, na jina hilo halina uhusiano wowote na ya kwetu.

Chombo cha leo ambacho vijana wa miji yetu hukiita chicha, kwa matamshi ya Kifaransa, kina viungo vilevile ingawa vifaa vimebadilika. Bori ni ya udongo, wa kung'arishwa au usiong'arishwa. Digali ni bomba la shaba nyeupe au la chuma kisichoshika kutu, mara nyingine limevikwa mti kwa nje. Tumbo la maji ni chupa ya kioo. Shilamu ni mpira mrefu au ngozi iliyoshonwa juu ya waya uliosokotwa. Vimeongezwa vitu vitatu tu: kisahani cha makaa, vipete vya mpira vinavyoziba maungio, na tundu dogo la kutolea moshi uliochakaa, lenye gololi ndani yake.

Hapa yafaa kusema wazi jambo moja ili tusieleweke vibaya. Usafi wa chombo hauufanyi moshi kuwa safi. Shirika la Afya Duniani lilitoa tangu mwaka 2005 waraka unaoonya kwamba maji hayaondoi sumu ya moshi wa tumbaku, na baadhi ya majirani zetu walitangaza marufuku ya shisha, Tanzania mwaka 2016, Rwanda na Kenya mwaka 2017. Tena kinywa kimoja kikipokezanwa na watu wengi huweza kupitisha kifua kikuu na maradhi mengine. Sisi tunakizungumzia chombo kama urithi na kama kifaa cha kufundishia. Hata hivyo yanayofuata yanamfaa kila aliye nacho, avute asivute.

2. Kuosha

Kanuni ya kwanza ni ya saa. Maji ya kiko yamwagwe siku ileile. Yakilala humo hugeuka rangi, hutoa ute, na kuacha mstari wa kahawia ambao baadaye hautoki kwa kusuuza. Makaa yazimwe kwanza, na bori iachwe ipoe kabisa. Udongo wa moto ukimwagiwa maji baridi hupasuka. Kisha kila kilichounganishwa kifunguliwe, hata vile vipete vya mpira, hata ile gololi. Wengi hawajui kwamba gololi hutoka. Asali ya tumbaku hukauka juu yake ikaiganda mahali pake, na mwenye chombo hudhani kimeharibika, kumbe kinataka maji ya uvuguvugu tu.

Ndani ya digali la shaba au la chuma hutembezwa maji ya uvuguvugu, kisha brashi yenye mkono mrefu, kutoka juu na kutoka chini. Asiye na brashi afunge kitambaa katika waya usio na ncha kali, akivute, asikisukume. Mabaki ni ya namna mbili: asali na mafuta matamu, ambayo huyeyuka katika maji, na lami ya moshi, ambayo haiyeyuki na yataka kusuguliwa. Sabuni yenye manukato isiingie humo, kwa maana harufu yake hukaa siku nyingi kuliko uchafu uliokusudiwa kuondolewa. Maji ya limau au siki iliyozimuliwa yatosha, lakini isuuzwe mara moja na kwa maji mengi: asidi ikibaki juu ya shaba ndiyo inayoita ile kutu ya kijani. Bomba la alumini lisitiwe magadi wala sabuni kali, kwa kuwa hugeuka jeusi. Lile lililopakwa madini ya kung'aa lisisuguliwe kwa nyuzi za chuma, kwani mpako ukishachubuka haurudi.

Chupa ya kioo ndiyo rahisi kuliko vyote. Tia maji kidogo, tia konzi moja ya mchele mbichi, ziba mdomo kwa kiganja, tikisa kwa kuzungusha. Punje za mchele hufika katika pembe ambazo brashi haifiki, wala hazikwaruzi kioo. Mama zetu walisafisha chupa za mafuta kwa njia hiyo muda mrefu kabla ya shisha kujulikana mijini. Maji ya kuchemka yasimwagwe katika chupa baridi.

Bori isiyong'arishwa hunywa kila inachoguswa nacho, kwa hiyo ioshwe kwa maji ya moto peke yake na kusuguliwa kwa brashi ngumu. Ikinywa sabuni, sabuni hiyo itatoka pamoja na moshi.

Shilamu yataka hukumu zaidi. Ile ya mpira wa kisasa isiyo na waya ndani huoshwa kwa maji bila hofu. Ile ya ngozi yenye waya haioshwi kwa maji kamwe: waya hushika kutu, ngozi huoza kutoka ndani, na mwenyewe hajui mpaka siku vipande vyekundu vya kutu vinapomfikia kinywani. Hiyo hupulizwa kwa nguvu, hupigwapigwa juu ya kiganja, na kukung'utwa. Kabla ya kununua au kupokea shilamu ya zamani, ikunjwe karibu na sikio. Yenye waya husikika.

Sasa turudi kwenye kiko cha asili cha kibuyu, maana hapo ndipo sisi tulipokosa. Kibuyu, mwanzi na mti havioshwi kama sahani. Vyote vitatu ni mimea iliyokauka, na mmea uliokauka unaendelea kunywa maji ukipewa. Usiviloweshe. Tia maji safi ya baridi ndani ya kibuyu, tikisa, mwaga, rudia mara mbili au tatu, basi. Nje pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Maji ya moto hayafai kabisa kwa sababu nyingine tena: nta ya nyuki huyeyuka karibu na digrii 63, na nta ikishalegea maungio hayashiki. Wanafunzi wetu walitumia maji ya moto na sabuni ya kufulia kwa nia njema kabisa, nami nilikuwa nimesimama palepale nikiwasifu.

3. Kuanika

Kiswahili hutenga wazi kuanika na kukauka. Kuanika ni kazi ya mtu: kukitandaza au kukiweka kitu mahali hewa itakapokifikia. Kukauka ni kazi ya kitu chenyewe, nacho huifanya kwa wakati wake. Kati ya hizo mbili kuna kukausha, ambako mtu analazimisha kukauka kwa moto au kwa jua kali, na ndiko kulikopasua mwanzi wetu. Mwishoni huja kuanua, yaani kukiondoa kitu kilikoanikwa. Kwa vyombo vya mimea, mtu asipojua wakati wa kuanua ni hatari sawa na mtu asiyeanika.

Tuanze na kioo. Desturi ya karibu kila nyumba ni kuisimamisha chupa kichwa chini juu ya kitambaa. Matone hutoka, ndiyo, lakini mdomo ukibanwa na kitambaa hewa haiingii, na unyevu hubaki umefungiwa juu kama mvuke katika sufuria yenye kifuniko. Chupa iinuliwe juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini yake. Matone yakishaisha igeuzwe, ikae mdomo juu mpaka ukungu wa ndani utoweke.

Digali la chuma au la shaba lisilazwe. Likilazwa, maji hukaa katika mstari mmoja upande wa chini, na kutu huanza katika mstari huohuo. Liegemezwe ukutani, na katikati ya siku ligeuzwe juu chini. Lenye vazi la mti lifanyiwe hivyo kivulini, maana mti na chuma havinyauki kwa pamoja: mti hupungua, chuma hubaki kilivyo, na mti ndio unaopasuka. Shilamu ya mpira hutundikwa katikati yake juu ya msumari mnene au kipande cha mti, ncha zote mbili zikining'inia chini. Ukiitundika kwa ncha moja, huku nyingine ikiwa imejikunja sakafuni, maji yote huteremka yakalala katika kunjo. Vipete vya mpira vikaushwe kwa kitambaa na kuwekwa mbali na jua, kwani jua huvifanya vigumu na kuvipasua.

Bori ya udongo hudanganya. Juu huonekana kavu baada ya saa moja, huku ndani ya ukuta wake maji yapo bado. Ikitiwa moto katika hali hiyo, maji hayo hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea, na udongo hupasuka. Ipewe siku nzima.

Kwa kibuyu na mianzi, mahali panapofaa ni kivulini penye upepo mdogo. Hapa majira yana neno kubwa. Katika nyanda zetu za juu za Katanga, kwenye kimo cha mita 1200 hivi, mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Machi. Hewa ikizidi takriban asilimia 65 ya unyevu, ukungu hupata nafasi ya kuota juu ya kila kitu chenye asili ya mmea au ngozi, na katika miezi hiyo kiwango hicho hupitwa mara nyingi. Kitu kilichoanikwa chumbani Januari chaweza kukaa siku tano kisikauke. Kumbe mwezi wa Julai hali ni kinyume: hewa ni kavu mno, na kibuyu chenye maji kikiwekwa upeponi hukauka nje haraka kuliko ndani, kikavutana, kikaatuka. Katika kiangazi basi tunakifunika kitambaa chepesi cha pamba ili kisikimbie, na katika masika tunakiondolea kila kifuniko. Wenzetu wa Kisangani, ambao hawana kiangazi kirefu kama chetu, watakuwa na hesabu nyingine.

Dari la jiko la yule mzee wa Kasongo lilikuwa limetatua mambo hayo yote kwa pamoja. Joto la polepole juu ya mafiga lilikausha bila kulazimisha, hewa ilipita, na moshi wa kuni uliwafukuza wadudu wanaotoboa mianzi. Sisi hatuna jiko la kuni katika idara, na hata tungekuwa nalo hatungeruhusiwa kuliwasha.

Utajuaje kwamba kibuyu kimekauka? Mkono hautoshi, kwa kuwa ubaridi wa kivuli hufanana na unyevu. Pua ni bora: kilicho na maji ndani hunuka udongo. Njia tuliyoichagua baadaye ni ya mizani. Tulianza kukipima kila asubuhi kwa mizani ndogo ya jikoni na kuandika uzito. Mwanzoni kilipungua kila siku. Uzito ulipokuwa uleule asubuhi tatu mfululizo, tulikianua. Kwa mianzi na digali tunapitisha ukanda wa karatasi nyeupe laini kutoka ncha hadi ncha. Ukitoka na doa la maji, tunaangika tena. Ukitoka na doa la kahawia lililo kavu, kosa ni la kuosha na wala si la kuanika.

4. Kabatini

Kilichokauka kihifadhiwe kikiwa kimefunguliwa. Mwanzi usiachwe ndani ya shingo ya kibuyu, kwa kuwa unyevu wowote wa hewa hukusanyika pale viwili hivyo vinapogusana. Mfuko wa plastiki ni adui. Gazeti nalo halifai, kwani hunyonya unyevu na kuuweka karibu na chombo, tena wino wake huambukiza. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila manukato chatosha. Mlango wa kabati ufunguliwe mara moja kwa juma katika masika, hata kama hakuna kinachotafutwa.

Kuhusu madhara yaliyokwisha kutokea, tulifanya yafuatayo, nayo tunayaandika kwa faida ya idara nyingine zenye vyombo vya namna hii. Ukungu tuliuacha ukauke kwanza, kisha tukaupangusa kwa brashi laini uwanjani, pua na kinywa vikiwa vimefunikwa, kwa maana vumbi lake lina madhara kifuani. Mahali palipobaki weupe tulipapitishia pamba iliyoguswa kidogo na spiriti, baada ya kujaribu chini ya kibuyu kuona kama rangi haitoki. Kutu ya kijani juu ya waya tuliikwangua kwa kijiti cha mwanzi. Limau hatukulitumia hapo, ingawa lingeing'arisha shaba kwa dakika moja, kwa sababu waya ule umekaza mwanzi, na asidi ingeingia katika nyuzi zake isitoke tena. Mwanzi wa chini ulirudi katika unene wake wa kwanza baada ya siku sita kivulini. Shilamu haikuponyeka.

Mama alikataa kukichukua tena. Alisema kikae hapa ambapo vijana watakiona, ila nimletee mtu wa kukata mwanzi mpya. Tulimpata fundi wa mikeka wa mtaani kwake. Yeye mwenyewe mama alichagua kipande, akakipima kwa mkono tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, akaonyesha mahali pa kutoboa. Safari hii nilikuwa na daftari, na niliandika kila alichofanya kabla ya kuuliza jina la chochote. Kiko sasa kiko wazi juu ya rafu ya pili, viungo vyake vimetengana, mbali na dirisha. Kibandiko kinaeleza kwamba bori, digali na kibuyu ni vya mwenyewe, na kwamba shilamu ni mpya, pamoja na sababu yake. Ile iliyopasuka imelazwa kando yake.